Kompyuta Isiyomkata Mtu

Juru, Nakivale
7 Aprili 2024

Mwanangu Elisée,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima. Baba yako mgongo umemwachia kidogo, sasa anakwenda kanisani bila kuegemea mtu, ila bado analalamika, kwa hiyo najua amepona. Maharage yamechanua. Mama yako anauliza kama bado unashinda kwa chai na mkate huko Mbarara kama mtu asiye na kwao. Dada yako Divine ananenepa kwa furaha. Makaratasi yake yametoka, na mwezi wa tisa atamfuata mumewe Munezero huko Kanada.

Barua hii anakuletea Pacifique wa maharage, anayekuja Mbarara na lori kila baada ya wiki mbili. Usiniambie nipige simu. Simu yangu ya vitufe naichaji kwa jirani, na nikiongelea pale kwake, jioni kijiji kizima kina habari. Jambo hili sitaki Divine alisikie.

Jambo lenyewe ni kwamba nataka kununua kompyuta. Umecheka. Nakujua, umecheka.

Unajua wajibu wa shangazi. Bibi harusi haendi kwake bila vitu vya shangazi yake: vikapu, mikeka, vibuyu vya maziwa. Nimesuka vikapu vitano na mikono imenivimba. Juzi Divine akaambiwa kwamba ndege inakubali masanduku mawili tu, na kibuyu chenye harufu ya maziwa kinaishia kwenye pipa la taka uwanjani. Sasa mtoto wa kaka yangu aende mikono mitupu, na mimi niko hai? Haiwezekani. Nimeamua nitampa watu. Unajua nimewapiga filamu hawa ndugu tangu Divine akiwa darasa la pili, mkinicheka mimi na kamera yangu. Nitazichukua filamu hizo, nitawakalisha watu wetu mmoja mmoja wamsalimie, nitaunganisha yote yawe filamu moja. Aondoke na sisi.

Wewe unafanya kazi studio ya picha. Niambie ninunue ipi. Na ukinijibu kwa Kiingereza cha mafundi nitakurudishia barua yako.

Shangazi yako,
Viviane


Nyamitanga, Mbarara
21 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako kwa furaha kubwa. Huku tunaendelea vizuri. Mto Rwizi umejaa maji ya mvua, na ninapovuka daraja asubuhi kwenda kazini naona watu wamesimama kuutazama tu. Bosi wangu Cassien, yule Mrundi, anakusalimu sana. Mwambie mama ninakula matoke kila siku. Mwambie baba pole kwa mgongo.

Sikucheka. (Nilicheka kidogo.)

Shangazi, kwa nini ujisumbue? Nipe kadi za kamera. Mimi na Cassien tutakutengenezea filamu nzuri ya nusu saa, yenye muziki, kwa siku mbili. Lakini kama umeamua, sikiliza. Kompyuta ya kuandikia barua na kompyuta ya kuhariri filamu si kitu kimoja. Ya filamu inataka prosesa yenye nguvu, hiyo ndiyo mikono yake. Inataka memori kubwa ya kufanyia kazi, ambayo ni kama meza: ikiwa ndogo, kila ukitandika kitu kimoja kingine kinaanguka. Na inataka diski kubwa na ya haraka, hiyo ndiyo ghala. Usidanganyike na inayong'aa au yenye taa za rangi kwenye vitufe. Kwa kuwa huko mnatumia jua, chukua laptopu, si ile ya kukaa mezani.

Niambie mambo matatu. Una saa ngapi za filamu? Umeme utautoa wapi? Na filamu yenyewe unataka iwe ndefu kiasi gani? Hilo la mwisho ndilo litaamua kila kitu.

Mwana wako,
Elisée


Juru
5 Mei 2024

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua imefika imelowana upande mmoja. Pacifique anasema ni mvua. Baba yako alipofika pale ulipompa pole ya mgongo, ulianza kumuuma upya, usiku ule nikamkanda kwa maji ya moto. Usimpe pole tena.

Umeuliza kwa nini nisizilete kadi studio. Nitakueleza mara moja tu. Wewe hukuweza kuja kwenye harusi ya binti yangu Yvette. Tuliita studio, si ya kwenu, nyingine, jina nimelisahau makusudi. Wakatuletea filamu ya dakika arobaini. Keki wameipiga pande zote nne. Magurudumu ya gari yamo. Viatu vya bwana harusi vimo, peke yavyo, juu ya kitanda. Tulitoa televisheni nje, watu wakaja na viti vyao. Bibi yako, koko Nyirabizimana, alivaa kitenge kipya ili ajitazame. Alikaa mbele kabisa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilipoisha akachukua fimbo yake akaniuliza:

"Viviane, kumbe miye sikukuyaka ku harusi?"

Elisée, siku ile alimwekea Yvette mkono kichwani akambariki, na sisi sote tukalia. Wameikata yote. Wakaweka wimbo. Mwezi mzima wamama wa kwaya, ambao nao hawakumo, walinisalimu kwa ncha za vidole, na walikuwa na haki. Kwenu huko kumkata mtu ni kazi. Kwetu ni kumwambia kwamba hakuja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hili: hakatwi mtu. Nimeandika majina, ni watu themanini na sita. Filamu itakuwa ndefu kama wao walivyo wengi. Kadi ni kumi na moja, saa zake sijui, zihesabu wewe uliyesoma. Umeme tutachukua kanisani, mchungaji amekubali, paneli zao ni kubwa.

Pacifique anayo bahasha ya kununulia. Nunua vizuri. Mimi nimeanza kuwapiga watu, leo nimemaliza na mama yako. Ametumia dakika kumi na tisa, na kumi kati ya hizo ni jinsi ya kuhifadhi unga usiingie wadudu.

Shangazi Viviane


Nyamitanga
16 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Cassien anasalimu.

Kuhusu kompyuta, mambo yanaendelea. Usiwe na wasiwasi.

Wasalimie wote.

Elisée


Juru
30 Juni 2024

Elisée,

Sisi wazima, mahindi mazima, koko mzima. Hayo yanatosha kwa salamu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na haikuchukua muda, maana haina kitu ndani. Hujanitania. Hujaniambia umekula nini. Mara ya mwisho ulikuwa mnyamavu namna hii ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa umevunja taa ya kanisa. Kompyuta umeshanunua, na ni mbovu. Kama nimekosea, niandikie unitukane.

Ulinifundisha mikono, meza na ghala, nikashukuru. Sasa nami nikufundishe. Babu yako kule kwetu Minembwe, Kongo, kabla hatujakimbia, hakununua ng'ombe kwa kusikia sifa. Kwanza alimwuliza mwenyewe: kwa nini unamwacha? Anayejibu harakaharaka, baba alimshukuru akaenda zake. Pili, alimshika ng'ombe masikio kwa mgongo wa kiganja aone kama yana homa. Tatu, alimpandisha mlima, kwa sababu kwenye tambarare hata mgonjwa anatembea vizuri. Nne, alimkamua kwa mikono yake, hakukubali kukamuliwa na muuzaji. Na yote mbele ya mashahidi wawili, ili kesho pasiwe na maneno.

Wewe umemnunua ng'ombe amesimama. Mrudishe. Kadi moja hii nakutumia, imo harusi ya Divine nzima. Huo ndio mlima wako.

Sijakasirika. Nilikasirika jana, leo nimechoka. Siku zimebaki sabini na moja.

Shangazi


Nyamitanga
14 Julai 2024

Shangazi yangu, mwalimu wangu,

Hujakosea. Niliinunua mwezi wa tano. Nilitazama prosesa, nilitazama memori, nilitazama diski, namba zote zilikuwa za kweli na nzuri, na pale dukani ilifunguka haraka sana. Nikarudi nikijisifu kwa Cassien. Siku nilipoipa filamu ya kuunganisha, ikaanza kupiga kelele, ikawa ya moto nikaogopa kuishika, ikazimika. Nikajaribu tena, ikazimika tena. Nilikaa nayo wiki tatu nikiipulizia vumbi na kuiomba. Niliona aibu. Mimi ndiye niliyekuandikia usidanganyike na inayong'aa.

Sasa nikueleze ya jana. Cheka, una ruhusa.

Nilikwenda na mashahidi wangu wawili, Cassien na Pacifique, ambaye bado alikuwa na vumbi la maharage kichwani. Muuzaji akasema iliyouzwa imeuzwa. Cassien hakupandisha sauti, unajua alivyo mpole. Alimwomba tu umeme. Tukaichomeka juu ya kaunta, tukaipandisha mlima, harusi ya Divine. Wateja wakaanza kutazama, wengine wakavuta viti. Dakika ya kumi na moja, baba yuko katikati ya hotuba yake, tii, giza. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akaiacha chaja yake pale akatoka. Muuzaji akasema haraka tuchague nyingine.

Nikamwuliza kuhusu ya kwanza: kwa nini mwenyewe aliiacha? Akajibu upesi mno. Nikashukuru. Ya pili ilikuwa nyembamba kama sahani, tukaipandisha mlima, nikaishika tumboni kwa mgongo wa kiganja. Muuzaji akashindwa kuvumilia.

"Ssebo, bwana, hii ni kompyuta, hapana ng'ombe! Wewe nataka kununua ama nataka kupima homa?"

Pacifique akamjibu, "Acha apime. Shangazi yake iko Juru, lakini anatuona."

Ile ilikuwa na homa. Ya tatu, Shangazi, ni mbaya kwa sura. Ni nene, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na kona moja imekwaruzwa. Ilikuwa ya ofisi moja ya wahandisi waliohama. Muuzaji alifikiri kidogo kabla ya kusema hivyo, nikampenda. Tuliikamua saa mbili na nusu. Ilipanda mlima wote mpaka mwisho wa harusi, hadi pale wanapofagia, na tumbo lake likabaki la uvuguvugu tu. Watu dukani walikuwa wanamshangilia Divine. Mwanamume mmoja wa Isingiro akaomba anunue ileile. Nikamwambia ina mwenyewe.

Pacifique ameapa atakaa nayo mapajani njia nzima, hataiweka na magunia. Jumamosi nakuja Juru kukufundisha.

Mwana wako aliyepona,
Elisée


Juru
11 Agosti 2024

Mwanangu Elisée,

Salamu nyingi, nyingi kabisa. Tunavuna mahindi. Baba yako amerudia salamu zake mara nne kwa sababu ya kofia. Ya kwanza alivaa, ya pili akavua, ya tatu akaishika mkononi, ya nne amevaa tena.

Mashine yako mbaya ya sura haijanisumbua hata siku moja. Nimeipenda kuliko nzuri zote. Zile siku mbili ulizonifundisha zinatosha. Sasa naweka kipande, navuta, naunganisha, nahifadhi. Mara moja nilimfuta mchungaji mzima, nikamtafuta nikitokwa jasho, nikamkuta mahali ulipoita pipa la taka. Usimwambie. Divine anadhani nimekwenda kanisani kufunga na kuomba kwa ajili ya safari yake. Anasema, "Shangazi, unanipenda sana."

Nakutumia flashi yenye robo ya kwanza uitazame. Na wewe je? Watu themanini na watano wameshakaa mbele ya kamera. Jina lililobaki ni la kaka yake, yule anayemwita yaya.

Shangazi Viviane


Nyamitanga
25 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Cassien na mimi tuliitazama flashi yako jioni, tukasahau kufunga studio. Sauti ni safi. Koko anaonekana malkia. Cassien amesema kama ungekuwa kijana angekuajiri wewe aniache mimi.

Jambo moja tu la kitaalamu. Baada ya kila mtu kusalimia, picha inabaki palepale na hakuna kinachotokea. Koko anauliza, "Divine, uko muzima?" kisha anakaa kimya, anatazama. Nimehesabu sekunde saba. Kisha anauliza habari za mumewe, sekunde saba tena. Baba hivyohivyo. Kila mtu hivyohivyo! Ukivikata vimya hivyo utaokoa zaidi ya nusu saa, na filamu itatembea. Si kumkata mtu, ni kukata hewa tu. Ukitaka nije, naweza kuviondoa vyote kwa saa chache.

Kipande changu hiki hapa kwenye flashi. Nilijipiga mwenyewe studio, nimekisafisha vizuri, hakina hata hewa moja. Sekunde ishirini na mbili. Kiweke tu kama kilivyo.

Elisée


Juru
1 Septemba 2024

Elisée,

Wote wazima. Hewa usiiguse. Chako nimekiweka kama ulivyokileta.

Filamu imekwisha, saa tano na dakika kumi. Njoo Jumapili ijayo tumsindikize dada yako. Uje na soksi nene za kumpa, wanasema huko hata mwezi wa tisa miguu inaganda.

Shangazi


Nyamitanga
20 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Nakuandikia kwa furaha na kwa haraka, kwa hiyo vumilia mwandiko. Mimi mzima, Cassien mzima, nimekula. Mengine baadaye.

Leo Munezero amenitumia video kwa simu. Simu yako ya vitufe haiwezi kuionyesha, na wewe uliyepiga kila mtu ndiye unayestahili kuiona, kwa hiyo nitakuandikia yote kama ilivyo.

Ni Jumapili asubuhi kwao. Munezero amesimama mlangoni, anapiga kwa siri. Divine yuko jikoni, amevaa zile soksi, anamenya viazi. Kompyuta yao iko mezani sebuleni, inaonyesha filamu yako. Munezero anasema ni mara ya sita Divine anaiweka. Anaiweka asubuhi anapoamka, kama watu wengine wanavyofungua redio.

Koko anatokea. Anasema, "Divine mwana wangu, uko muzima?" Na ile hewa inaanza, zile sekunde saba nilizotaka kuziondoa. Divine hainui hata kichwa, kisu mkononi, anasema, "Niko muzima, koko." Na Shangazi, koko anatikisa kichwa! Anatikisa kichwa kama amesikia. Kisha anauliza, "Na bwana yako?" Divine anasema, "Naye iko, analala mingi." Koko anacheka. Kwa nini alicheka siku ile mlipompiga, ulimwambia nini? Au alijua?

Munezero anasema anamjibu kila mtu. Mama amemwuliza kama unga una wadudu, akasema huku hakuna wadudu, mama, kuna baridi. Baba akamwuliza kama kofia inampendeza, akasema inapendeza sana, na baba akaigusa. Wamama wa kwaya wote wamejibiwa. Munezero anasema wiki mbili za kwanza Divine hakuwa anaongea na mtu, alikuwa anakaa tu dirishani. Sasa anaongea kutwa, na jana amekwenda peke yake kugonga kwa jirani.

Kisha nikatokea mimi. Shati limepigwa pasi, taa nzuri ya studio nyuma yangu. "Divine, uko muzima? Mimi mzima, kazi inaendelea, Mungu akubariki, usimsahau Bwana, kwaheri." Divine akaacha kumenya. Akageuka, akafungua mdomo, na tayari niliyepo kwenye skrini ni mchungaji. Akafunga mdomo. Akarudi kwenye viazi.

Watu themanini na sita, Shangazi, na mimi peke yangu ndiye dada yangu hakupata nafasi ya kumjibu. Nililia pale studio, Cassien akaniletea kiti.

Kisha nikampigia simu. Iliita mara mbili tu. Hakusema halo.

"Niko muzima, yaya," alisema. "Na weye?"

Mwana wako,
Elisée